Kijana Anataka Kusomea Kebo: Je, Kikundi Kimkopeshe Karo?



Somo letu la mara hii limetoka katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama upande wa Keroka. Kikundi hicho kina mashine ya kusaga mahindi na wimbi, na faida inayopatikana huwakopesha wanachama karo ya watoto. Siku hiyo ombi lililokuwa mezani lilikuwa la mama mmoja mjane. Kijana wake alimaliza kidato cha nne na kupata C-. Kijana mwenyewe aliandika barua kwa mkono wake akisema anataka kusomea umeme, na kwamba lengo lake ni siku moja "kuwa mhandisi wa kebo katika kituo cha utafiti wa sayansi".

Katibu aliposoma maneno hayo watu wakacheka. Mzee mmoja ambaye ni mlezi wa kikundi akanigeukia. "Madam, kuvuta waya nayo inataka chuo? Fundi wetu wa hapa sokoni alijifunzia juu ya paa." Mama wa kijana hakucheka, alikuwa anaangalia chini tu.

Sikuwa na jibu. Mimi nina diploma ya kazi ya jamii, si ya stima. Niliomba jambo moja, kwamba ombi lisikataliwe mpaka mkutano ujao, halafu nikaenda kuuliza wanaojua na kusoma. Haya ndiyo niliyorudi nayo. Nayaandika hapa kwa sababu najua vikundi vingine vina barua kama hiyo ndani ya faili.

Kituo cha utafiti ni kitu gani?

Tusifikirie Ulaya kwanza. Hapa Kisii tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO. Kericho wako watafiti wa chai, na mkulima wa chai wa Nyamira amewahi kupanda miche iliyotokana na kazi yao hata kama hajui. Pale Kisian, karibu na Kisumu, KEMRI wanachunguza malaria na magonjwa mengine. Mbita, kando ya ziwa, kuna kituo cha ICIPE, shirika lililoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo kwa ajili ya kuchunguza wadudu.

Mahali pa namna hii si pa balbu tatu na soketi ya kuchajia simu. Kuna friji za kuhifadhi sampuli za damu ambazo baridi yake hufika digrii 80 chini ya sifuri. Kuna mizani inayopima kitu chepesi kuliko punje ya wimbi. Kuna kompyuta zinazoandika hesabu usiku na mchana. Stima ikiyumba, mizani inadanganya. Stima ikipotea usiku na jenereta isiamke, damu iliyokusanywa kwa watu wa vijiji vingi kwa miaka mitano inaweza kuharibika, na wale watu huwezi kuwarudia ukawaambia mtoe tena ile damu ya mwaka juzi.

Kenya ina mfano mwingine ambao wengi hawaujui. Kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa mawili ya chuma baharini, San Marco na Santa Rita. Roketi ilisimama juu ya San Marco na waongozaji wakakaa Santa Rita, maana huwezi kukaa karibu na moto ule. Majukwaa hayo yaliunganishwa kwa kebo zilizolazwa chini ya maji. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Kwa kuwa ilikuwa Siku ya Jamhuri, waliipa jina la Kiswahili, Uhuru. Roketi ziliendelea kuruka hapo hadi mwaka 1988, na kituo cha nchi kavu bado kinapokea habari za setilaiti. Sasa fikirini, yule aliyefunga vichwa vya kebo zile alijua kwamba chumvi ya bahari ikipenya mahali pamoja tu, amri haitafika.

Kiungo kimoja kibaya

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu habari hii ndiyo iliyonifanya nielewe barua ya kijana.

Karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna kituo kiitwacho CERN kilichoanzishwa mwaka 1954. Chini ya ardhi, mita kama 100 kwenda chini, wamechimba njia ya mviringo yenye urefu wa kilomita 27. Hiyo ni karibu sawa na barabara ya kutoka Kisii mjini hadi Keroka. Ndani yake kuna mashine iitwayo LHC. Inazungusha chembe ndogo ajabu zinazoitwa protoni na kuzigonganisha, ili wanasayansi waone vitu vyote vimeundwa na nini.

Chembe hizo huongozwa na sumaku kubwa, nyingine zina uzito wa tani 35, na sumaku hizo zinafanya kazi kwa stima. Kebo zake zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa metali mbili, niobi na titani. Zikipoozwa kwa heliamu hadi digrii 271 chini ya sifuri, zinapitisha stima bila upinzani wowote. Urefu wa kebo hizo ni kama kilomita 7,600. Ukizinyoosha zingetoka hapa kwetu hadi Geneva na nyingine zikabaki. Nyaya za ndani yake ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele.

Mashine ilianza kazi tarehe 10 Septemba 2008, na magazeti ya dunia nzima yakaandika. Siku tisa baadaye, tarehe 19, wakiwa bado wanajaribu sumaku, walipandisha stima hadi karibu ampea 8,700. (Soketi ya nyumbani kwako ni ampea 13.) Kati ya sumaku mbili palikuwa na kiungo ambacho hakikuunganishwa vizuri. Kiungo hicho kikapata joto, kikayeyuka, stima ikaruka kama radi ndogo na kutoboa chombo cha heliamu. Tani kama sita za heliamu zikatoka kwa nguvu na kung'oa sumaku mahali zilipofungwa. Bahati ni kwamba hapakuwa na mtu ndani. Sumaku 53 zikatolewa juu kwa ajili ya kutengenezwa au kubadilishwa, na chembe hazikuzunguka tena hadi tarehe 20 Novemba 2009. Ni miezi 14 imepotea kwa sababu ya kiungo kimoja.

Mnajua kiungo hicho kilikuwa kinatoa joto kiasi gani mwanzoni? Wati kumi na kitu tu. Ni kama balbu ndogo ya kuokoa stima. Nyumbani joto hilo ni dogo tu, lakini mahali penye baridi ile lilitosha kuanzisha maangamizi. Baadaye, mwaka 2013 na 2014, waliisimamisha mashine kwa makusudi wakavifungua na kuviimarisha viungo vyote, zaidi ya 10,000, kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo kazi anayoisema yule kijana. Katika mkutano wa pili nilipofika hapa, mzee mlezi aliinua mkono akauliza kama walimfukuza fundi. Nilimjibu kwamba nilichokisoma mimi ni jinsi walivyobadilisha namna ya kupima viungo.

Kisa cha pili ni kifupi. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakipokea chembe kutoka CERN, ndani ya mlima mmoja wa Italia ulio umbali wa kilomita 730, walitangaza kwamba chembe zao zimefika mapema kuliko mwanga. Jambo hilo likiwa kweli, basi fizikia ya vitabu vyote vya shule inabomoka. Februari 2012 wakagundua kebo moja ya kioo, ile inayopitisha habari kwa mwanga, haikuwa imekazwa vizuri mahali pake. Saa yao ilikuwa inadanganya. Machi mwaka huo viongozi wawili wa utafiti huo wakajiuzulu. Kebo za aina hiyo ndizo zilizoletwa Mombasa kupitia baharini mwaka 2009 na kutuharakishia intaneti, kwa hiyo msidhani ni mambo ya wazungu peke yao.

Na wanyama je? Aprili 2016 mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma ya CERN na mashine yote ikazimika. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Juni 2016, sisi hapa Kenya tukakaa gizani nchi nzima kwa saa kadhaa kwa sababu tumbili alianguka kwenye transfoma ya kituo cha Gitaru. Wa Geneva alikufa. Wetu alipona, na watu wa wanyama pori wakamchukua.

Basi anafanya nini kila siku?

Nilimuuliza fundi mmoja mwenye diploma anayefanya kazi katika maabara. Alicheka, akasema watu hudhani yeye hushinda na koleo mkononi, kumbe nusu ya siku yuko na karatasi. Kabla waya mmoja haujavutwa, kuna mchoro. Mchoro unaonyesha kebo inaanzia wapi, inapita wapi, unene wake, inabeba nini na inaishia wapi. Kebo ndefu mno ikiwa nyembamba inapoteza nguvu njiani, kwa hiyo anapiga hesabu kwanza. Ikikunjwa sana kwenye kona, inavunjika ndani wakati nje inaonekana nzima.

Kebo za nguvu hazipitishwi pamoja na kebo za habari. Hili tunalijua bila kwenda chuo. Mashine ya kusaga ikiwashwa, redio ya dukani inakoroma, si ndiyo? Sasa badala ya redio weka chombo kinachosikiliza mapigo madogo ya moyo wa panya wa maabara. Mkoromo ule unaingia kwenye hesabu, na mtafiti anaandika uongo bila kujua.

Halafu kuna vibandiko. Kila kebo ina namba pande zote mbili, na namba hiyo imeandikwa kitabuni au kwenye kompyuta. Mimi hili lilinigusa. Miaka iliyopita nilifanya kazi na zahanati moja, siitaji. Soketi ya friji ya chanjo haikuwa na alama yoyote. Mtu alichomoa plagi siku ya Ijumaa ili achaji simu, akasahau kuirudisha. Jumatatu tukamwaga chanjo zote, na akina mama waliotembea na watoto mgongoni kutoka ng'ambo ya mto wakarudi bila kitu. Karatasi moja iliyoandikwa "FRIJI YA CHANJO, USICHOMOE" ingetosha. Tulikuwa na karatasi, kalamu na gundi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Anachagua kebo ambazo zikishika moto hazitoi moshi mwingi wa sumu. Palipo na mionzi plastiki hukauka na kupasuka, kwa hiyo huko huweka aina nyingine. Akimaliza kuvuta hapeleki stima mpaka apime kwa mita kama kuna mahali inavuja, na vipimo anaviandika na kuweka sahihi. Sahihi hiyo ndiyo inayomtofautisha na wa juu ya paa. Likitokea jambo, kuna jina.

Athi na radi zetu

Wataalamu wa vituo hivi wanaheshimu sana waya wa athi, yaani ule unaoshuka ardhini. Kazi yake ni kuchukua stima iliyopotea njia na kuipeleka kwenye udongo kabla haijapita kwa mtu. Katika nyumba zetu nyingi waya huo haupo, au upo na umefungwa kwenye msumari mfupi. Kipande cha chuma kinatakiwa kizame ndani, kifike kwenye udongo wenye unyevu, na kipimwe. Udongo mkavu wa Januari haupitishi stima vizuri kama ule wa Aprili.

Sisi watu wa Kisii na Nyamira hatuhitaji kuambiwa habari za radi. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na mawingu yanapanda kwenye vilima vyetu karibu kila alasiri wakati wa masika. Wengi tumezika mtu, au tumemjua aliyezika. Fyuzi wala swichi haiwezi kuzuia radi. Kinachosaidia jengo ni mlingoti wa kuzuia radi wenye waya mnene unaoshuka moja kwa moja hadi ardhini, uliowekwa na mtu anayejua. Kinachosaidia vyombo ni kuchomoa plagi mapema, kabla mvua haijafika. Vituo vya utafiti hutumia fedha nyingi kwa jambo hili, lakini shule nyingi za kwetu zenye watoto 500 hazina mlingoti hata mmoja. Mimi naona kikundi kinachochangia lango la shule kingeanza na mlingoti.

Neno dogo pembeni. Jiwe letu la sabuni la Tabaka, lile tunalochonga viboko na vikombe, ni la aina ambayo Ulaya na Marekani walikuwa wakikatia mbao za swichi zamani, kwa sababu halipitishi stima na haliogopi joto. Watalii hawajui hilo, na sisi pia hatukujua.

Njia ya kijana na fedha za kikundi

Turudi kwenye C-. Alama hiyo inamruhusu kuingia diploma ya umeme katika chuo cha ufundi, kwa mfano Kisii National Polytechnic. Mwenye D anaweza kuanza na cheti, na aliye chini ya hapo huanza na kozi ya ufundi wa mkono kisha akapanda ngazi. Mtu aliyejifunzia kazini naye anaweza kufanya majaribio ya NITA, daraja la tatu, la pili hadi la kwanza, akapata karatasi. Yule fundi wa sokoni aelezwe hili, tusimcheke.

Lakini lazima tuseme ukweli. Mwenye diploma ni fundi sanifu, hajawa mhandisi. Mhandisi kamili anahitaji shahada inayotambuliwa, halafu asajiliwe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Kutoka diploma unaweza kuendelea hadi shahada, ila ni miaka mingi. Na yeyote anayefunga stima kwenye jengo la mtu anatakiwa awe na leseni ya EPRA. Ukimwita fundi, mwambie akuonyeshe. Hata akiwa mwana wa dada yako.

Jambo lingine. Kenya si nchi mwanachama wa CERN, kwa hiyo kazi ya kudumu kule si mlango ulio wazi kwa kijana wetu. Wana mpango wa likizo unaopokea wanafunzi wa chuo kikuu hata wa nchi zisizo wanachama, na nafasi zake hushindaniwa na vijana wa dunia nzima. Mtu akija kijijini na kusema anapeleka vijana kwenye maabara za Ulaya kwa ada ya usajili, kikundi kisitoe hata shilingi. Maabara za hapa karibu, hospitali kubwa, viwanda vya chai na kampuni za intaneti, hizo zote zinahitaji watu wa kebo. Na wasichana pia. Ile setilaiti ya Uhuru, msimamizi wake mkuu upande wa Marekani alikuwa mwanamke, mhandisi wa umeme, Marjorie Townsend.

Walivyoamua

Katika mkutano wa pili mama mweka hazina alisema kikundi hakiwezi kukopesha karo ya miaka yote mara moja. Wakakubaliana kukopesha ya muhula wa kwanza, na ya pili itolewe akileta matokeo. Mzee mlezi akaongeza sharti lake. Kabla ya kwenda chuo kijana achore nyaya zote za nyumba ya mashine, kama wale wa Geneva, tuone kama anaweza. Wakamkataza kugusa chochote. Achore tu kwa macho, swichi kubwa ikiwa imezimwa na fundi mwenye leseni akiwa amesimama hapo.

Alichora kwa siku mbili. Kebo inayokwenda kwenye mota ilikuwa imeungwa juu ya dari, kiungo kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, na plastiki pembeni imegeuka nyeusi. Mota ile ya nguvu za farasi 10 inavuta kama ampea 15. Kiungo kikiwa na upinzani wa omu moja tu, pale darini kuna joto la wati 225, kama balbu mbili za zamani za wati 100 zilizofungiwa ndani ya vumbi la unga, na unga mkavu hushika moto. Akina mama walikuwa wanasaga chini ya kiungo hicho tangu mwaka juzi.

Fundi mwenye leseni alibadilisha kebo yote wiki hiyo hiyo. Mchoro wa kijana umebandikwa ukutani karibu na swichi, na namba zake zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Yeye anaripoti chuoni mwezi wa tisa. Mama yake ameomba kikundi kimkate deni kwenye faida ya wimbi.